Miwani ya kusomea (Kihonda)

Miwani ya kusomea ni miwani ya lenzi mbinuko inayosaidia kuona vya karibu pale umri unapopunguza uwezo huo, kwa kawaida kuanzia miaka 40. Chanzo ni lenzi ya jicho kukakamaa. Hali hiyo huitwa presbiopia. Kihonda, kata ya Manispaa ya Morogoro iliyo kando ya barabara ya Dodoma, wa kwanza kuigundua ni mafundi cherehani wanaoshindwa kutunga uzi, wachambua mchele na wasoma meseji za simu.

Kuenea

Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2006 kutoka Kongwa, wilaya inayopakana na Mkoa wa Morogoro, ulikuta presbiopia kwa 61.7% ya watu wa miaka 40 na zaidi. Wengi wao hawakuwa na miwani.

Kuchagua namba

Namba, yaani nguvu ya lenzi, hukadiriwa kwa umri: +1.00 karibu na miaka 40 hadi 45, +1.50 kwenye 50, +2.00 kwenye 55 na +2.50 kwenye 60. Kipimo bora zaidi ni umbali wa kazi. Kitabu husomwa kwa takribani sentimita 40. Anayeshona kwa sentimita 60 huhitaji namba ndogo kuliko msomaji wa rika lake. Miwani ya mezani sokoni ina namba moja kwa macho yote mawili, hivyo haimfai mwenye macho yanayotofautiana. Asiyeona mbali huweza kusoma kwa kuvua tu miwani yake. Imani kwamba miwani hulegeza macho haina msingi: namba hupanda kwa sababu lenzi ya jicho huzidi kukakamaa.

Lenzi mbili

Kwenye miwani ya lenzi mbili, sehemu ya juu ni ya kuonea mbali, ya chini ni ya kuonea karibu. Kwenye miteremko mikali ya Milima ya Uluguru miwani hiyo ni ya hatari, kwani anayetazama miguu huona njia kupitia sehemu ya kusomea, na ardhi huonekana kwa ukungu. Miwani miwili tofauti ni salama zaidi.

Kupimwa

Mzee anayeanza tena kusoma bila miwani huenda ana mtoto wa jicho. Kisukari hubadilisha namba mara kwa mara, na presha ya macho mara nyingi huharibu bila maumivu. Hayo ni ya kliniki ya macho, si ya muuza miwani.

Wataalamu

Wataalamu wa kupima macho hufundishwa katika hospitali ya KCMC, Moshi.

Hali ya sasa

Mwaka 2024 Shirika la Afya Duniani lilizindua mpango wa SPECS 2030 wa kueneza miwani.