Fremu na mwimo

Ukiona kibao "Fremu inapangishwa" mjini Tabora, usimwite seremala. Hicho ni chumba cha duka. Lakini kwa fundi ujenzi fremu ni mbao, mninga mara nyingi, zinazoshika dirisha, na hapo neno hili la kuazima limelimeza neno letu zuri: mwimo, wingi miimo, yaani nguzo mbili za pembeni. Kizingiti bado kipo. Miimo imebaki kwa wapenzi wa milango ya nakshi.

Kule Kwihara, karibu na Tabora, katika tembe alimokaa Livingstone hadi Agosti 1872 (jengo la leo limejengwa upya), ungelihitaji neno hilo. Kuta za tembe ni nene, na katika ukuta mnene miimo lazima ichague: nje, katikati au ndani.

Anayetaka fremu ilingane na ukuta wa ndani amwambie fundi "sawa na lipu", si "sawa na tofali". Tofauti ni ndogo ila inagharimu. Lipu ikiwa sentimita moja na nusu, fremu itokeze kiasi hicho kutoka kwenye tofali kabla lipu haijapigwa, ipimwe kwa timazi. Ikifanywa hivyo, dirisha la kufungukia ndani hulala ukutani kabisa. Upande wa nje hubaki kina kirefu cha kupokea mvua, kwa hiyo sakafu yake ndogo ipewe mteremko. Sakafu hiyo nayo mafundi wengi huiita kwa neno la kuazima. Sijui nani atairudisha miimo.