Nani Huamua DNA Ianze Kunakiliwa Wapi?

Leo tuache kompyuta kidogo. Kromosomu namba 1 ya binadamu ina herufi milioni 249 hivi. Mashine za kuinakili huenda kwa herufi kama 50 kwa sekunde. Hata zikianzia katikati na kwenda pande zote mbili, zingechukua karibu mwezi mzima. Lakini seli humaliza kwa saa 8 hivi, kwa sababu huanzia mahali pengi kwa mpigo. Sasa nani hupachagua?

Mwaka 1963 François Jacob, Sydney Brenner na François Cuzin walitoa jibu kutokana na bakteria: kuna mahali maalumu kwenye DNA, na kuna protini inayopatambua na kuanzisha kazi. Mwaka 1968 Joel Huberman na Arthur Riggs walionyesha kwamba kwa mamalia uzi mmoja wa DNA una mianzo mingi. Kisha 1992 Stephen Bell na Bruce Stillman, huko Cold Spring Harbor, Marekani, wakaipata protini inayotambua mwanzo kwenye hamira. Ni kundi la protini 6, liitwalo ORC, nalo hutafuta mfuatano wa herufi 11 hivi. Kwa lugha yetu ya programu, anwani imeandikwa ndani ya msimbo wenyewe.

Je, binadamu ni vivyo hivyo? Wapi! ORC tunayo, lakini yetu haina neno moja inalolitafuta. Hufuata zaidi hali ya mahali: DNA ikiwa wazi, na alama za kikemikali kwenye histoni, yaani protini ambazo DNA huzungushiwa. Ikishatua, CDC6 na CDT1 huisaidia kufunga MCM, mashine ya kutenganisha nyuzi mbili. MCM hufungwa nyingi kupita mahitaji, ili nyingine ziwe akiba kazi ikikwama.

Si mambo ya maabara tu. Mwaka 2011 watafiti waligundua kwamba watoto wenye ugonjwa wa Meier-Gorlin, wafupi sana, wenye masikio madogo na wengi bila vifuniko vya magoti, wana hitilafu kwenye jeni za ORC, CDC6 au CDT1. Mwaka 2012 ikaonekana ORC1 husoma alama mojawapo ya histoni H4, na baadhi ya hitilafu hizo huharibu usomaji huo.

Kwa hiyo kuwa na herufi zote za DNA hakutoshi. Mtoto hukua vizuri pale protini zinapojua pa kuanzia.