Mtabila Kabla ya Kwata

Binamu yangu wa Dar es Salaam alipomaliza kidato cha sita alipangiwa JKT Mtabila. Akaniandikia WhatsApp: Mtabila ndiyo wapi, na kuna baridi kiasi gani? Nilikuwa likizo nyumbani Kasulu, nikamsomea babu ujumbe. Babu akasema, "Mwambie anakwenda kulala kwa Warundi." Binamu alidhani ni utani wa wazee.

Haukuwa utani. Kabla ya kwata na nyimbo za mchakamchaka, Mtabila ilikuwa kambi ya wakimbizi. Rais Melchior Ndadaye alipouawa Oktoba 1993, Warundi walivuka kwa mamia ya maelfu, na nyanda za juu za Kigoma zikajaa kambi: Mtabila na Muyovosi upande wa Kasulu, Kanembwa, Mtendeli na Nduta upande wa Kibondo. Mwaka 1996 ikaongezeka Nyarugusu kwa ajili ya Wakongomani. Sisi tuliozaliwa huku miaka hiyo tulikutana na Umoja wa Mataifa kabla hatujajua kusoma. Ulikuwa turubai la UNHCR juu ya banda la mbuzi, gunia la WFP lililogeuzwa mkeka, na dengu za njano ambazo hakuna mtu wa Kasulu aliyewahi kuzipanda.

Kwetu ulikuwa pia mama mmoja wa Mtabila aliyekuja kulima kibarua kwenye shamba la babu. Kisheria hakutakiwa kutoka kambini bila kibali. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 1998 iko wazi. Lakini Kiha na Kirundi vinasikilizana, jembe halina lafudhi, na mgawo wa chakula haukutosha. Alikuwa akifika alfajiri na kuondoka kabla jua halijawa kali. Babu alimwita "mwanangu". Na hapa nina la pembeni: Wabelgiji waliitawala Kasulu na Kibondo tangu 1916, pamoja na Urundi, mpaka walipoikabidhi Buha kwa Waingereza mwaka 1921. Makaratasi yale yangekaa vingine, huenda babu ndiye angekuwa anakuja alfajiri kulima shamba la mtu.

Sasa nasoma shahada ya uzamili ya sheria za kimataifa, na ibara iliyonikosesha usingizi muhula uliopita ni fupi. Mkataba wa Geneva wa 1951, Ibara ya 1C, unasema ukimbizi una mwisho: mazingira yaliyomfanya mtu akimbie yakishakoma, hawezi tena kukataa ulinzi wa nchi yake. Mkataba wa OAU wa 1969, ambao sisi Waafrika tunajivunia kwa kupanua maana ya mkimbizi hadi kwa anayekimbia vurugu tu, nao una kifungu kama hicho. Nakubali kwamba kinahitajika. Hifadhi isiyo na mwisho wowote ingezitisha nchi zisifungue mipaka kabisa. Ila UNHCR yenyewe inataka mabadiliko huko nyumbani yawe ya msingi na ya kudumu, na hilo neno "kudumu" hakuna aliyeliwekea idadi ya miaka.

Mwaka 2011 familia za Mtabila zilihojiwa moja moja. Takriban watu 2,700 walionekana bado wanahitaji ulinzi, wakabakizwa. Zaidi ya 33,000 wakaambiwa hawauhitaji tena, na Agosti 2012 hadhi yao ikakoma. Wapo waliozaliwa Mtabila na hawakuwahi kuiona Burundi hata siku moja. Nao wakawa "wanarudi".

Kinachoniuma zaidi ni kwamba nchi hiihii, miaka hiyohiyo, ilikuwa inafanya jambo ambalo dunia nzima ililisifu. Warundi waliokimbia mauaji ya 1972 na kuwekwa Katumba, Mishamo na Ulyankulu walifunguliwa mlango wa uraia. Zaidi ya 160,000 walikubaliwa. Tofauti kati ya cheti cha uraia na kiti cha basi ilikuwa mwaka ambao baba yako alivuka. Sijaona kifungu chochote cha sheria kinacholieleza hilo. Ni uamuzi wa serikali, na serikali ilikuwa na sababu zake, lakini tusiuite sheria.

Mabasi na malori yalianza mwisho wa Oktoba 2012 na kufikia Desemba takriban watu 34,000 walikuwa wameshavushwa. Nilikuwa darasa la saba nimemaliza, nasubiri matokeo. Nakumbuka magodoro yaliyofungwa kwa kamba, na kuku. Yule mama hakuja kuaga. Ilikuwa msimu wa kupanda, na babu alikuwa bado hajamlipa siku tatu za kulima. Alikuwa anasubiri kuuza mbuzi.

Aprili 2015 Pierre Nkurunziza akatangazwa kugombea muhula wa tatu. Mwezi uliofuata watu walikuwa wamerundikana ufukweni Kagunga, kipindupindu kikiwamaliza, na Liemba, meli ya Wajerumani yenye umri wa miaka mia, inawabeba kuwaleta Kigoma. Walipelekwa Nyarugusu mpaka ikafurika. Oktoba Nduta, iliyokuwa imefungwa, ikafunguliwa upya. Mtabila haikuwezekana, kulikuwa na jeshi. Kutoka Desemba 2012 hadi Aprili 2015 ni miaka miwili na miezi minne. Hiyo ndiyo "kudumu" tuliyoipata.

Babu aliuza mbuzi zamani. Kila nikirudi likizo ananiuliza kama huko chuoni kwetu, kwa kuwa ninasoma mambo ya Umoja wa Mataifa, hawana orodha ya majina ya watu wa Nduta. Namweleza kwamba majina ya wakimbizi ni siri, ili kuwalinda. Anaitikia kwa kichwa, kisha ananiuliza swali ambalo nalo sijalipatia jibu: kibarua cha siku tatu cha mwaka 2012, leo amlipe shilingi ngapi?