Swali la Mzaha Lililofika Angani

Ndugu msomaji, umewahi kuandika kitu halafu ukajiuliza, "Hivi kuna atakayesoma kweli?" Basi sikiliza kisa hiki.

Aprili 1959, Mmarekani Donald Stoner aliandika makala katika CQ, gazeti la wapenzi wa redio za ridhaa. Alikuwa akijaribu mtambo wa kupokea mawimbi na kuyarusha tena. Akauliza, nusu kwa mzaha, kama kuna mwenye roketi ya ziada ya kuupandisha angani. Wengi wangecheka na kufunua ukurasa unaofuata. Lakini huko California walikuwapo wasomaji ambao hawakuishia kucheka. Waliunda chama, wakaanza kazi majumbani na kwenye magereji yao.

Setilaiti yao ya kwanza, OSCAR 1, ilikuwa kisanduku cha kilo 4.5 hivi. Roketi hawakuwa nayo, wakaomba lifti kwa Jeshi la Anga. Manahodha wanajua farumi, uzito unaopakiwa ili kusawazisha chombo tu. Roketi nayo ilikuwa na farumi yake, na kisanduku kikapewa nafasi hiyo. Abiria mkubwa alikuwa Discoverer 36, ambayo leo tunajua ilikuwa ya upelelezi. Na kilichokisukuma kisanduku nje? Springi ya dola 1 na senti 15!

Roketi iliruka tarehe 12 Desemba 1961, siku 3 baada ya Tanganyika kupata uhuru. Kisanduku kilijua salamu moja tu, HI, kwa alama za Morse: nukta nne, kisha nukta mbili. Nguvu yake haikufika robo ya wati. Joto likipanda ndani yake, salamu zilikwenda mbio; likishuka, zilijikokota. Hivyo aliyehesabu kasi alijua hali ya huko juu. Wasikilizaji zaidi ya 570 katika nchi 28 walituma taarifa. Betri zilikwisha baada ya wiki 3 hivi, na tarehe 31 Januari 1962 kikaungua kikirudi duniani.

Mwanzo wa ngoma ni lele. Mwaka 1965, OSCAR 3 ilipokea mawimbi ya watu na kuyarudisha duniani, kama Stoner alivyotamani.

Nami, niliyeishia kidato cha nne, siku hizi sifuti haraka mstari ulionichekesha mwenyewe. Huenda kuna msomaji asiyecheka.