Angovi wa Ugweno: Shujaa au Mpinduzi?

Katika masimulizi ya Wapare, Angovi wa ukoo wa Wasuya ndiye aliyewaondoa Washana katika utawala wa Ugweno, kaskazini mwa milima ya Upare. Tukio hilo hukadiriwa kuwa la karne ya 16. Masimulizi hayo yalipitishwa kwa mdomo, hivyo Angovi anayejulikana leo ni mhusika wa hadithi kama alivyo mtu wa historia, na hapo ndipo ubishi unapoanzia.

Washana walikuwa ukoo wa wahunzi. Mchanga wenye madini ya chuma uliokotwa mitoni, ukaoshwa, kisha ukayeyushwa kwa makaa huku mivukuto ikipulizwa bila kupumzika. Majembe na silaha za Ugweno zilitafutwa hata na Wachaga wa Kilimanjaro. Kumpindua mwenye ujuzi huo halikuwa jambo dogo, wala si rahisi kuliita ukombozi bila kuuliza nani alikombolewa.

Anayemtetea Angovi hutazama yaliyofuata. Mwanawe, Mranga, aliimarisha dola na kuyaweka mafunzo ya jando chini ya mtawala. Isaria Kimambo, mwanahistoria aliyekusanya masimulizi ya wazee na kuchapisha kitabu chake mwaka 1969, aliyaona mageuzi hayo kuwa msingi wa dola ya Ugweno. Hoja hiyo ina uzito, ila sifa kubwa inamstahili Mranga: baba alitwaa madaraka, mwana ndiye aliyejenga. Washana nao walibaki na uhunzi wao, wakiheshimiwa na kuogopwa.