Vumbi la Bujora

Mtu wa Nakwa, pale Babati, hana haja ya kufundishwa ngoma. Mkoa wake wa Manyara una Wagorowa, Wairaqw, Wabarbaig na Wahadzabe. Lakini akitaka kujua ngoma inageukaje tamasha la kuvuta wageni mwaka hadi mwaka, afunge safari hadi Bujora, Kisesa, kilomita 20 hivi kutoka Mwanza.

Masimulizi ya Wasukuma wa huko yanasema katikati ya karne ya 19 waliishi waganga wawili mahasimu, Ngika na Gumha. Nani ana dawa kali? Wakapimana kwa ngoma: uwanja mmoja, wakati mmoja, kila mtu na wafuasi wake, atakayevuta watazamaji wengi kashinda. Ndiyo asili ya Wagika na Wagalu, makundi mawili ya ngoma yanayoshindana. Hakuna jaji wa kuandika alama. Mtazamaji akiwachoka hawa, huwapa mgongo na kuvuka kwa wale. Kwa hiyo wachezaji wakabuni kila hila: chatu mabegani, nungunungu, hata samba, dawa ya kuita umati.

Wamisionari wengi waliona upagani mtupu katika ngoma hizo. Padre David Clement, Mkanada aliyefanya kazi Bujora tangu miaka ya 1950, aliona vingine. Aliingiza ngoma kanisani, akajenga kanisa la duara kama msonge, akakusanya vitu vya watemi vilivyozaa Makumbusho ya Wasukuma. Kisha akaunganisha mashindano na sikukuu ya Ekaristi. Ikaitwa Bulabo, yaani maua, yale yanayopamba maandamano. Akili yake naiona hapa: hakubuni msimu. Sikukuu hiyo huangukia Juni mara nyingi, mavuno yameingia, na mkulima tayari miguu inamwasha.

Linganisha na tamasha la muziki la Sauti za Busara la Unguja: lilianza 2004 na kupata sifa duniani, lakini halikufanyika 2016 kwa kukosa fedha. Wasanii wa mbali wanataka nauli na malazi. Mgika hangoji mfadhili ndipo atamani kumshinda Mgalu.

Tarehe 8 Septemba 2021 Kisesa ilifurika watu tena, machifu wakimsimika Rais Samia Suluhu Hassan kuwa Chifu Hangaya. Siku kubwa, yenye jukwaa kuu, na macho yote yakaelekea huko. Lakini kwenye Bulabo, anayetaka kujua nani anaongoza hutazama vumbi la katikati ya uwanja, linaelekea upande gani.