Mlo wa Mtoto Aliyekatiwa Tamaa

Mwaka 1934, mjini Oslo, mama mmoja alimpelekea daktari Asbjørn Følling wanawe wawili ambao akili zao hazikukua. Alikwisha kuzunguka kwa madaktari wengi akiwauliza kwa nini mikojo ya watoto hawa ina harufu ya ajabu, na hakuna aliyemjibu. Følling, aliyekuwa pia mkemia, alitia dawa ya maabara kwenye mkojo ule ukageuka kijani. Baada ya kazi ndefu akaitambua asidi iliyosababisha rangi hiyo, kisha akapima mikojo ya wagonjwa 430 waliokuwa katika vituo vya watu wenye ulemavu wa akili, akawapata wengine 8 wenye hali ileile. Ugonjwa huo sasa huitwa fenilketonuria. Ini la mtoto wa namna hii halina uwezo wa kuvunjavunja fenilalanini, chembe iliyomo katika protini ya maziwa, nyama, mayai na hata maharage, nayo hurundikana katika damu na kuudhuru ubongo. Kwa kawaida kisa hiki husimuliwa kama ushindi wa kinga. Naamini kina somo jingine zito zaidi: mtoto ambaye tayari ana ulemavu wa akili anastahili kutafutiwa mlo unaomfaa, hata kama mlo huo hautamrudishia alichopoteza.

Ushahidi uko Birmingham, Uingereza. Mwaka 1951 daktari Horst Bickel alimpima msichana wa miaka 2, akamkuta na ugonjwa huo. Hakuweza kusimama, kutembea wala kusema. Alilia na kujigonga kichwa kutwa. Madaktari walijua jina la ugonjwa lakini hawakuwa na tiba. Mama yake hakuridhika na jina. Akawa anarudi kila mara kudai msaada. Kwa kufuata shauri la mkemia Louis Woolf, Bickel na wenzake waliichuja protini ya maziwa kwa mkaa ili kuondoa fenilalanini, wakampa mtoto mlo huo. Baada ya miezi kadhaa alijifunza kutambaa na kusimama, macho yakachangamka, kilio na kujigonga vikakoma. Wakarudisha fenilalanini kwa siri, bila kumwambia mama, na mtoto akaanza kudhoofika upesi. Kumficha mama jambo hilo kulikuwa kosa, ila jaribio lenyewe lilithibitisha kwamba nafuu ilitoka kwenye chakula.

Wapo watakaosema kwamba msichana yule hakupata akili ya kawaida, na kwamba faida halisi ilikuja pale Robert Guthrie wa Marekani, mwenyewe baba wa mtoto mwenye ulemavu wa akili, alipobuni kipimo cha tone la damu la kisigino. Jimbo la Massachusetts likakifanya cha lazima kwa watoto wachanga mwaka 1963. Ni kweli kwamba mlo ukianza mapema huokoa ubongo. Lakini kupima lishe kwa akili peke yake ni kusahau kwamba mtoto ana mwili unaouma na siku za kuishi. Kutoka kwenye kilio cha kutwa hadi kusimama ni faida kubwa kwa mtoto huyo na kwa mama anayemlea. Kama tungengoja chakula kilete akili ndipo tukithamini, tungewanyima sahani hao hao wanaoihitaji zaidi.

Pingamizi la pili linastahili heshima: matumaini ya wazazi huuzwa kwa bei rahisi. Mwaka 1981 mtafiti Ruth Harrell alitangaza kwamba vitamini nyingi mno zilipandisha akili za watoto, wakiwamo wenye ugonjwa wa Down. Wengine waliporudia kwa vipimo makini, hawakuona matokeo hayo. Tofauti yake na Birmingham ni kwamba kule sababu ilijulikana, na mlo ukajaribiwa kwa kuondolewa na kurudishwa. Chakula husaidia pale kinapojibu tatizo la mtoto fulani.

Fenilketonuria ni adimu, hasa miongoni mwa Waafrika, hivyo hatupaswi kuuiga mlo wenyewe. Tuige ile namna ya kuuliza. Watoto wengi wenye ulemavu, hasa wenye mtindio wa ubongo, hupata shida ya kutafuna na kumeza, na huishia kupewa uji mwepesi unaojaza tumbo bila kuujenga mwili. Hapo jibu halihitaji maabara ya mbali: mtoto akalishwe ameketi wima, kwa kijiko kidogo na kwa subira, uji uwe mzito wa kumezeka, uliotiwa karanga zilizosagwa laini, yai au unga wa dagaa. Gharama kubwa hapa ni muda wa mlezi, na muda huo familia na jamii zinaweza kugawana. Yule mama wa Oslo alianza kwa kuuliza swali ambalo wengi walilipuuza. Nasi tuna wajibu wa kuwauliza walezi wetu wanaona nini kila siku, kisha tuwaamini kiasi cha kuchunguza.